Dawa, Sumu na Fungu la Asiyezaliwa

Lugha yetu ina neno moja, dawa, linalobeba vitu viwili vinavyopingana. Anachopewa mgonjwa ili apone ni dawa, na kinachomwagwa ili kiumbe fulani kife nacho ni dawa. Twasema dawa ya kikohozi, na kwa ulimi ule ule twasema dawa ya panya, dawa ya mbu, dawa ya mende. Wataalamu wametuundia neno viuatilifu, nalo limeshika vitabuni na maofisini. Lakini shambani na dukani neno ni lile lile la wazee. Hapana aibu katika hilo. Aliyeokoa mavuno yake kwa unga wa mfukoni au maji ya chupani ana haki ya kukiita dawa alichokitumia. Ila neno likizoeleka mno huacha kuulizwa, na kitu chenyewe kikaacha kuulizwa pamoja nalo.

Makala haya yanakusudia kuuliza swali moja ambalo mazoea ya neno hilo yamelifunika: tuna wajibu gani kwa mtu anayeweza kudhurika kwa kitendo chetu ilhali bado hajazaliwa, na ilhali hatuna yakini kwamba kweli atadhurika?

Swali hili lina makazi. Tunalikuta Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili jirani za mkoa wa Lindi, ambako mkorosho ni zaidi ya mti. Wareno waliuleta pwani ya Afrika Mashariki kutoka Brazili katika karne ya 16, na tangu hapo umekuwa mwenyeji kamili. Huko korosho ndiyo ada ya shule, bati la nyumba, mahari ya kijana na nauli ya hospitali. Chama kikuu cha ushirika kinaitwa RUNALI, jina lililofumwa kwa kuunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Na bei ikitangazwa mnadani, habari yake huingia kila jiko. Msomaji wa visiwani naye asione ni mbali. Korosho anazotafuna barazani aghalabu zimetoka kusini huko.

Zao hili lilikaribia kufa. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi. Bei ilikuwa duni, na operesheni ya vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao. Kisha ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, ambao taarifa zake za kwanza nchini ni za mwaka 1979. Ni ukungu mweupe unaokaa juu ya majani machanga na maua kama aliyepita mtu akanyunyiza unga wa muhogo. Ua hunyauka kabla ya kushika tunda. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, wakafundisha kupuliza salfa, na baadaye dawa za maji. Mkorosho ukarudi kuzaa, na katika msimu wa 2017/18 nchi ikavuna zaidi ya tani 300,000. Anayetaka kuizungumzia dawa ya mikorosho kwa insafu hana budi kuanza hapa, kwenye shukurani. Dawa hii imejenga nyumba na kusomesha watoto.

Sasa tuzitenganishe dawa zenyewe, maana hazifanani. Salfa ni unga wa manjano. Hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umelala, kwa mashine ya kubeba mgongoni. Huwasha macho, hukereketa koo, huwapa kikohozi wenye kifua kibovu. Ni kitu chenye ukali, lakini ukali wake una uaminifu wa namna yake: hujitangaza. Mpulizaji akirudi nyumbani ana rangi yake kwenye nyusi, na mkewe anajua kabla hajaambiwa. Tena salfa haimo katika kundi la kemikali tunazozijadili hapa.

Dawa za maji ni habari nyingine. Miongoni mwa zile zilizopendekezwa kwa mikorosho ya Tanzania zimo triadimenoli, heksakonazoli na penkonazoli, zote za ukoo uitwao triazoli. Hizi zina sifa kubwa kwa mkulima. Hazihitaji kurudiwa mara nyingi kama salfa, hazimchafui mtu rangi, wala hazimwashi macho kwa namna ile. Ni dawa za kimya. Na kimya hicho ndicho kinachotupasa kukisikiliza.

Ndani ya mwili wa binadamu mna wajumbe waitwao homoni. Tezi huzituma kupitia damu, nazo huenda zikaamrisha mfupa urefuke, sukari ihifadhiwe, sauti ya kijana ivunjike, tumbo la mama lijiandae kupokea mimba. Zinafanya kazi kwa viwango vidogo mno, vinavyohesabiwa kwa sehemu moja ya bilioni na hata ya trilioni. Ipo jamii ya kemikali ambazo zikiingia mwilini huweza kuvuruga upelekaji huu wa habari: nyingine hujifanya homoni, nyingine huziba mlango ambao homoni ingeingilia, nyingine huchelewesha au kuharakisha utengenezaji wake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira iliyotolewa mwaka 2013 ilieleza kuwa kemikali zipatazo 800 zinajulikana au kushukiwa kuwa na uwezo huo. Zimo katika plastiki, katika vipodozi, katika rangi, na katika dawa za mashambani.

Mpenzi wa ushairi atalielewa jambo hili upesi kuliko wengi. Shairi halihitaji kuporomoshewa maneno mia ndipo liharibike. Mizani ikizidi moja tu, sikio hushtuka. Tena kosa halina uzito mmoja kila mahali. Silabi ambayo katikati ya ukwapi ingepita bila mtu kuitazama, ikikaa mahali pa kina huvunja ubeti mzima. Mimba nayo ina mahali pake pa vina. Ziko wiki ambazo viungo vya uzazi vya mtoto vinaumbika, na ziko nyakati ambazo ubongo wake unapangwa, na katika nyakati hizo mjumbe mmoja akipotoshwa njia, kilichoandikwa hakiandikwi upya. Tangu karne ya 16 elimu ya sumu imejengwa juu ya kanuni ya Paracelsus kwamba tofauti ya dawa na sumu ni kipimo. Kanuni hiyo ingali kweli, lakini haitoshi. Pamoja na kuuliza ni kiasi gani, yatupasa tuulize ni lini, na ni katika mwili wa nani.

Triazoli huua ukungu kwa kukizuia kimeng'enya kimoja ambacho ukungu hukihitaji kujengea utando wa seli zake. Bahati mbaya, kimeng'enya hicho kina jamaa zake ndani ya wanyama na ndani yetu sisi. Mmoja wao, aitwaye aromatasi, kazi yake ni kuigeuza homoni ya kiume kuwa ya kike, na viumbe wa kike na wa kiume wote wanamhitaji. Mwaka 2007 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kuwapa panya wenye mimba triazoli mbili, tebukonazoli na epoksikonazoli. Mimba zilichukua muda mrefu kuliko kawaida, na tebukonazoli iliacha dalili za mvurugiko katika maumbile ya jinsi ya watoto. Triadimenoli na heksakonazoli zenyewe hazimo tena katika orodha ya dawa zinazoruhusiwa mashambani katika nchi za Umoja wa Ulaya.

Hapa lazima mtu awe mwaminifu. Panya si binadamu, na kipimo cha maabara ni kikubwa kuliko kile kinachomfikia mtu shambani. Dawa kutokuwemo katika orodha ya Ulaya nako hakutoshi kuwa hukumu, kwani zipo zinazotoka kwa kuwa mtengenezaji hakuona faida ya kuzitetea. Anayesema kwamba dawa ya ubwiriunga imemharibu mtoto fulani wa Ruangwa anasema asichoweza kukithibitisha. Na anayesema kwamba haina neno kabisa, naye vilevile.

Ndipo swali la maadili linapoanza hasa. Wengi hudhani kwamba maadili husubiri sayansi imalize kazi yake: tukishajua, tutaamua. Lakini mkulima hupuliza mwaka huu, na mama huchukua mimba mwaka huu. Kutoamua ni kuamua.

Tunao mfano wa kutisha wa madhara yaliyosubiri. Mwaka 1938 huko Uingereza, Charles Dodds na wenzake walitangaza homoni ya kike iliyotengenezwa maabara, diethilistilbestroli. Kwa miaka mingi, Marekani na kwingineko, walipewa kina mama wajawazito kwa kutumaini kwamba ingezuia mimba kuharibika. Kina mama wale hawakuona baya lolote, na watoto walizaliwa wakionekana wazima. Mwaka 1971 daktari Arthur Herbst na wenzake wa Boston walieleza saratani adimu ya uke iliyowapata wasichana wadogo, na walipotafuta chanzo walikikuta katika vidonge walivyomeza mama zao kabla wao hawajazaliwa. Aliyemeza hakuugua, aliyeugua hakumeza. Baina ya kitendo na matokeo palipita umri wa msichana kuvunja ungo.

Visiwa vyetu navyo vina kumbukumbu yake, nayo inatuzuia tusiwe wepesi wa kulaani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1968 nyumba za Unguja na Pemba zilipulizwa dawa, DDT ikiwemo, katika kampeni ya malaria iliyosaidiwa na Shirika la Afya Duniani. Malaria ilipungua sana, na kampeni ilipokoma ikarudi. Wako watu wazima leo waliovuka utoto kwa sababu ya dawa ile. Hata hivyo, mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa California uliotumia damu ya kina mama iliyohifadhiwa tangu miaka ya 1960, nao ulionyesha kwamba mabinti waliokutana na DDT nyingi zaidi tumboni walikuwa na hatari ya saratani ya matiti inayokaribia mara nne ya wenzao. Hatuwezi kuyafuta matokeo haya kwa kutaja yale mema, wala kuyafuta mema kwa kutaja haya. Kuiacha dawa kuna majeruhi wake, na kuitumia kuna majeruhi wake. Tofauti ni kwamba mtoto wa malaria tunamwona kitandani na tunalijua jina lake. Yule wa pili hana jina bado, wala sauti ya kulalamika.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Methali hii imetumika kumwonya mkorofi, lakini tukiisikiliza vizuri ina habari nyingine: janga halili na mchumaji peke yake, huwafuata jamaa zake mezani. Kijana wa Nachingwea aliyekodiwa kupuliza mikorosho ya mtu mwingine hurudi jioni na nguo iliyolowa. Nguo hiyo hufuliwa na mkewe au dada yake, pengine mwenye mimba, kwa mikono mitupu, katika beseni ambalo kesho litaogeshea mtoto. Chupa tupu ya dawa ni nzuri, ina kifuniko kinachobana. Inashawishi kuwekwa mafuta ya taa au maji ya kunywa. Chini ya mikorosho pana kunde na muhogo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema pia, nao hawakuwa na habari za homoni.

Je, tumwite mpulizaji huyu mkosa? La hasha. Dhima huenda sambamba na ujuzi na uwezo. Asiyejua, na ambaye hata angejua asingekuwa na la kufanya ila kukosa ujira wa siku, dhima yake ni ndogo. Lakini kupanda ngazi kwa ujuzi ni kupanda kwa dhima. Mwenye shamba anajua zaidi ya kibarua. Muuza pembejeo zaidi ya mwenye shamba. Aliyeingiza dawa nchini zaidi ya muuzaji. Na aliyeitengeneza anajua zaidi ya wote. Kutojua ni udhuru. Kutotaka kujua hakujawa udhuru katika sheria yoyote ya watu waungwana.

Nachingwea yenyewe ilikwisha kuonja uamuzi uliofanywa na walio mbali. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Tanganyika mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yake matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Misitu ilifyekwa kwa matrekta, reli ikajengwa kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kupotea takriban pauni milioni 36, na baadaye hata reli yenyewe ikang'olewa. Waliopanga walirudi kwao. Waliobaki na ardhi iliyokwanguliwa ni wenyeji.

Hasara ya pauni huandikwa na kufutwa. Ya udongo na damu haifutiki, na ushahidi uko katika visiwa vingine, Martinique na Guadeloupe, chini ya Ufaransa. Huko migomba ilitiwa dawa ya klordekoni tangu 1972 hadi 1993, ingawa Marekani ilikwisha kuacha kuitengeneza tangu 1975 baada ya wafanyakazi wa kiwanda kudhurika, na ingawa Ufaransa bara iliipiga marufuku mwaka 1990. Zaidi ya watu tisa katika kila kumi wazima wa visiwa hivyo wana kemikali hiyo katika damu, nayo imehusishwa na saratani ya tezi dume. Januari 2023 mahakimu wa Paris waliifunga kesi yake bila mtu kushtakiwa, kwa hoja miongoni mwa nyingine kwamba ni vigumu kuthibitisha jinai kwa mambo ya zamani kiasi hicho. Tuliangalie jambo hili kwa makini. Kwanza husemwa ni mapema mno kuthibitisha. Baadaye husemwa ni marehemu mno. Asiyezaliwa, kwa hesabu hiyo, hapati siku yake ya kusikilizwa kamwe.

Wapo watakaosema kwamba hatuwezi kumpa haki mtu ambaye hayupo. Lakini sisi wa pwani tumeshampa, na tumempa kwa karne nyingi. Mtu akifariki akamwacha mkewe na mimba, mirathi haigawanywi kana kwamba tumbo halina kitu. Wanazuoni wa fiqhi huamuru fungu la aliye tumboni liwekwe kando, na katika kulikadiria huchukua lile lenye kumhifadhi zaidi. Hakuna ajuaye kama atazaliwa hai, wala kama ni mmoja au pacha, mwanamume au mwanamke. Shaka zote hizi zipo, na hakuna warithi wenye haya watakaosema: kwa kuwa hatuna yakini, basi tugawane vyote leo. Kinyume chake, shaka ndiyo sababu ya kuweka. Aliyepo mezani husubiri kwa ajili ya asiyeweza kusema, na hakuna anayemwona amedhulumiwa.

Naona hapa ndipo lilipo jibu la swali letu. Ikiwa tunamwekea asiyezaliwa fungu la minazi na nyumba, seuze mwili wake mwenyewe, ambao ndio urithi wa kwanza apewao mtu na ambao haununuliki akikuta umeshatumiwa? Shaka ya wanasayansi haitupi ruhusa ya kugawana vyote. Inatuamuru tuweke kando.

Kuweka kando si kuikata mikorosho wala kuurudishia ubwiriunga mashamba. Fungu hili lina vipimo vya kawaida kabisa. Ni kupogoa na kuondoa machipukizi yanayohifadhi ukungu, na kupanda aina zinazostahimili ugonjwa, ambazo Naliendele wamezizalisha, ili dawa ihitajike kidogo. Ni kuchagua dawa kwa kuuliza pia inafanya nini tumboni, wala si ubwiriunga tu. Na kazi ya kuuliza hivyo ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, zaidi ya kuwa ya mkulima. Ni maelezo ya Kiswahili yanayosomeka juu ya chupa. Ni mavazi ya kazi kwa kibarua, na sabuni na beseni la peke yake, na mjamzito kuondolewa katika ufuaji huo. Ni chupa tupu kutobolewa na kukusanywa.

Na gharama? Warithi huchangia kwa kadiri ya mafungu yao. Korosho ghafi zikitoka nchini hutozwa ushuru. Mfanyabiashara ana faida yake, kiwanda cha dawa kina yake, na mlaji wa Ulaya au wa Bara Hindi anapata korosho tamu kwa bei anayoimudu. Wote hawa wamekaa kwenye meza moja ya mirathi. Kumwachia mpulizaji peke yake aweke fungu la asiyezaliwa, kwa kukosa ujira, ni kumdai masikini sadaka ambayo matajiri hawajaitoa.

Huenda baada ya miaka thelathini wataalamu wakaja kutuambia kwamba hofu ilizidi, na kwamba dawa hizi za kimya hazikumdhuru mtoto yeyote wa Nachingwea. Itakuwa habari njema, na fungu tuliloliweka halitakuwa limepotea. Litarudi kwa warithi wote, kama linavyorudi fungu la mimba isiyozaa. Lakini wakija na habari nyingine, mtoto yule atakuwa amekua, ataweza kusema, na atauliza walikuwepo nani siku ya kugawana.